Maua Yafunukayo Jua Likitua

Aghalabu mtu atakaye kuyatambua maua ya mwituni hutanguliza rangi, na vitabu vingi vya maua humuunga mkono katika desturi hiyo, kwa kuwa huweka kurasa za maua ya manjano mbali, za meupe mbali na za waridi mbali, ili msomaji afunue mahali panapomhusu bila ya taabu. Lakini iko jamii moja ya mimea, ambayo asili yake ni bara la Amerika, kaskazini na kusini, isiyokubali kupangwa hivyo. Kwani ua lake lililofunuka jeupe pepe jua likitua huonekana asubuhi yake limegeuka la waridi, na lile la manjano hunyauka likaishia rangi ya chungwa au wekundu, hata mtu aliyepita jana na mtu apitaye leo wakaweza kushindana juu ya mmea mmoja, kila mmoja akashuhudia alichokiona, na wote wawili wakawa wakweli. Maulamaa wa elimu ya mimea huiita jamii hiyo Oenothera, nao wamehesabu aina zake takriban 145. Humu tutaiita kwa wepesi maua ya jioni. Rai yangu, na ndiyo iliyonifanya niiandikie jamii hii sura ya peke yake, ni kwamba rangi yake isikilizwe mwisho, baada ya umbo la ua, saa ya kufunuka kwake na ardhi iliyolizaa kwisha kutoa ushahidi wao.

Ua lenyewe lina petali nne, pana na nyororo, ambazo mara nyingi zimebonyea kidogo katikati ya ukingo wa juu, hata petali moja peke yake ikawa na umbo la moyo. Chini yake pana sepali nne, na hizo, ua lifunukapo, hazibaki zimelishika, bali hupinda zikaelekea chini, pengine zimeachana kila moja upande wake, pengine zimegandana mbili mbili au zote nne kwa pamoja. Ndani mna stameni nane, na katikati yake hutoka uzi mrefu ambao kileleni mwake stigma imegawanyika ncha nne nyembamba zilizotanda kwa umbo la msalaba. Alama hii ya msalaba ndiyo niithaminiyo kuliko zote, kwa sababu haibadiliki kwa rangi wala kwa kimo, na huonekana kwa macho matupu hata katika ua lililoanza kulegea. Katika majangwa ya magharibi ya Marekani yapo maua mengine ya petali nne, mengi kati yao ya manjano, ambayo kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa katika jamii hii hii, mpaka mtaalamu Peter Raven alipoyatenga katika miaka ya 1960, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa stigma: yale yana stigma moja ya mviringo isiyogawanyika, na mengi yake hufunuka alfajiri wala si jioni. Yuko mtu atakayesema kwamba tofauti hiyo ni ndogo mno kutenga jamii. Lakini tofauti iliyo ndogo kwa jicho letu, ikiwa inadumu katika kila ua na kila mwaka, ina uzito kuliko tofauti kubwa ya rangi iondokayo kwa jua la asubuhi moja.

Petali nne pekee, basi, si ushahidi wa kutosha. Haradali, kabichi na sukuma wiki, zikiachwa shambani mpaka zichanue, nazo hutoa maua ya manjano ya petali nne, na mtazamaji mwenye haraka huweza kuzichanganya; walakini akihesabu stameni atakuta sita, nne ndefu na mbili fupi, na ovari ataikuta ndani ya ua, juu ya mahali petali zilipoota. Ovari ya ua la jioni haiko humo. Iko chini ya petali, tena mbali nazo, na hapo ndipo tunapokifikia kiungo ambacho watazamaji wengi hukikosa ilhali wamekishika mkononi.

Mwenye kulitazama ua hili huona petali zimekaa juu ya kitu chembamba kirefu, naye kwa mazoea ya maua mengine hukihukumu kuwa ni kikonyo. Si kikonyo. Ni mrija, nao ni sehemu ya ua lenyewe, ulio wazi ndani tangu penye petali mpaka chini kabisa, ambako ndiko iliko ovari, imekaa mahali jani linaposhikana na shina. Mwenye shaka na achukue ua moja lililokwisha nyauka, kwa maana hilo halina hasara kwa mmea, aupasue mrija wake kwa ukucha kutoka juu kwenda chini. Atauona ule uzi wa stigma umepita ndani yake urefu wote, na penye kina chake huenda akakuta mabaki ya mbochi uliokuwa umehifadhiwa humo usiku uliopita. Urefu wa mrija huu ni kipimo chenye faida kubwa katika kutenganisha aina. Katika Oenothera biennis, ambayo ndiyo ijulikanayo zaidi upande wa mashariki na wa kati wa Amerika ya Kaskazini, mrija una sentimita 2 hadi 4 hivi; katika Oenothera cespitosa, iotayo katika nchi kavu za magharibi, huanzia sentimita 4 na kuweza kupita 10, hata ua likaonekana limesimama juu ya ardhi bila ya shina, kwa kuwa mmea wenyewe umebaki chini na kuutuma mrija peke yake upandishe petali hewani.

Urefu huo haukuwekwa bure. Mbochi uliofichwa kina hicho haufikiwi na nyuki wa kawaida; hufikiwa na nondo wakubwa wanene wa mwili, wapigao mbawa upesi hata wakaweza kusimama hewani mbele ya ua bila ya kutua, nao hukunjua ulimi ambao katika aina ya Manduca quinquemaculata hukaribia sentimita 10. Chavua nayo imeandaliwa kwa ajili yao, na katika chavua hiyo mna jaribio jepesi kuliko yote ambayo mtu aweza kulifanya porini: aguse stameni kwa ncha ya kidole kisha akivute kidole taratibu, na chavua haitatoka kwa vumbi, itatoka imeshikana kwa nyuzi laini kama za utando wa buibui. Nyuzi hizo humnasia nondo chavua katika ulimi na kifua, zikasafiri naye mpaka ua jingine. Ukoo mzima wa mimea hii, ambao ni mpana kuliko jamii ya Oenothera, una nyuzi hizo, kwa hivyo jaribio la kidole humthibitishia mtu ukoo, na msalaba wa stigma pamoja na mrija humkaribisha kwenye jamii.

Saa ya kufunuka ni shahidi wa namna nyingine, na mtu asiyepata kukaa mbele ya mmea huu wakati wa magharibi amekosa jambo adhimu. Tumba, ambalo mchana kutwa lilikuwa limefumbwa kwa sepali zake zilizosokotana, huanza kuvimba. Sepali huachana ubavuni, kisha huruka nyuma kwa ghafula, na petali zilizokuwa zimeviringana hukunjuka zenyewe mbele ya macho, katika aina nyingine kwa muda wa dakika moja au mbili. Ni nadra kwa mmea kumwonyesha binadamu mwendo wake bila ya kumtaka asubiri siku nyingi. Mwaka 2012 jambo jingine lilithibitishwa na watafiti waliochunguza Oenothera cespitosa: ua lililofunuka punde hutoa mvuke wa maji uzidio ule wa hewa iliyolizunguka, na nondo aitwaye Hyles lineata huutambua unyevu huo na kuufuata, kwa kuwa ni dalili ya kweli kwamba mbochi bado upo. Asubuhi ikipanda, ua hulegea, na katika Oenothera biennis huenda mtu akakuta ndani yake nondo mdogo wa waridi na manjano, Schinia florida, aliyejificha mchana humo. Mmea ambao maua yake yamelala na mgeni huyo ndani si wa kutiliwa shaka sana.

Hata hivyo saa peke yake haitoshi kuhukumia. Oenothera fruticosa, ya mashariki ya Marekani, hufunuka mchana kweupe, na Oenothera speciosa, iotayo kwa wingi kandokando ya barabara za Texas na kuzifanya za waridi katika majira ya machipuo, huko Texas huonekana wazi mchana, ilhali upande wa kaskazini wa makazi yake hufunuka jioni kwa desturi ya wenzake. Anayekuta ua la mchana, basi, asiliondoe katika jamii kwa sababu hiyo tu. Atazame msalaba, atazame mrija, na katika hii speciosa atazame matumba ambayo hayajafunuka, kwa kuwa huinamisha vichwa chini kabla ya kuchanua.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuvuka bahari ili auone ukoo huu, ingawa jamii ya Oenothera kwetu ni ya kuja. Katika mashamba ya mpunga, mitaroni na kandokando ya vinamasi huota mimea ya Ludwigia, yenye maua ya manjano ya petali nne au tano, na ovari yake, kwa mujibu wa desturi ya ukoo, iko chini ya petali na yaonekana kana kwamba ni kikonyo kinene. Lakini hakuna mrija kati ya ovari na petali, na sepali hazipindi wala hazidondoki, bali hubaki zimesimama juu ya tunda mpaka likauke. Penye majimaji katika nyanda za juu za Mlima Kenya na Kilimanjaro kuna ndugu mwingine, Epilobium, mwenye maua ya waridi, naye hujulikana vizuri zaidi ua likiisha: tunda lake jembamba hupasuka pande nne na kutoa mbegu zenye kishungi cha hariri cha kupeperukia, ambapo mbegu za Oenothera hazina kishungi, na huanguka karibu na mama yao.

Sasa tufike kwa Oenothera biennis, ambayo ndiyo ya kuanzia kwa mwenye kujifunza na ndiyo pia ya kumaliza, kwa sababu ni nyepesi kuijua kwa jumla na ngumu kuijua kwa uhakika. Mwaka wake wa kwanza haina shina. Hutandaza majani marefu kwa duara juu ya ardhi, yenye mshipa wa kati mweupe au uliotiwa wekundu, na chini yake mzizi mnene hukusanya akiba. Mwaka wa pili hupandisha shina la kufikia mita moja na nusu, pengine mbili, likachanua maua ya manjano kutoka chini kwenda juu majira yote ya kiangazi, kisha likafa. Makazi yake ni ardhi iliyovurugwa: kingo za barabara na reli, mashamba yaliyoachwa, mchanga wa kandokando ya mito, mahali palipochimbwa au kuchomwa, kwani mbegu zake huhitaji mwanga ili ziote, nazo zikifunikwa na udongo hungoja. Kungoja huko kumepimwa. Mwaka 1879 mwalimu William Beal alizika ardhini, katika chuo cha kilimo cha Michigan, chupa 20 zenye mbegu za mimea ya aina mbalimbali zilizochanganywa na mchanga, ili zifukuliwe moja moja baada ya miaka. Na chupa iliyofukuliwa baada ya miaka 80 ilikuwa bado na mbegu za Oenothera biennis zilizokubali kuota. Kwa hiyo mmea huu ukizuka ghafula mahali ambapo hakuna mzee anayekumbuka kuuona, yamkini haukuletwa na mtu wala upepo. Ni ardhi iliyofunuliwa ndiyo iliyoutoa.

Ugumu wa kuijua kwa uhakika unatokana na uzazi wake. Kromosomu zake 14, wakati wa kutengeneza chembe za uzazi, hushikana mwisho kwa mwisho zikafanya pete moja, na kwa sababu hiyo ule mchanganyiko wa sifa tuuonao katika viumbe wengi haufanyiki. Nusu hivi ya chavua haina uzazi, ua hujichavusha lenyewe, na mtoto hutoka shabihi ya mzazi, kizazi baada ya kizazi. Matokeo yake ni kwamba kila bonde na kila ukingo wa reli huweza kuwa na nasaba yake, iliyotofautiana na ya jirani kwa wekundu wa shina au wingi wa vinyweleo, na ikadumu hivyo bila ya kubadilika. Jambo hili lilimshughulisha sana mwanachuoni wa Uholanzi Hugo de Vries, ambaye mwaka 1886, karibu na Hilversum, aliyaona maua ya jioni yametoroka bustanini na kuenea katika shamba la viazi lililoachwa, baadhi yake yakiwa na maumbo mapya. Akayalima, akayachunguza miaka mingi, na kitabu chake juu ya mabadiliko ya ghafula ya viumbe, kilichotoka kati ya 1901 na 1903, kilisimama juu ya mmea huo. Waliokuja baadaye, hususan Otto Renner na Ralph Cleland, walionyesha kwamba mengi ya maumbo yale yalikuwa matunda ya zile pete za kromosomu wala si aina mpya. Lakini haki ya de Vries haipotei, maana ni yeye aliyeutazama mmea wa kando ya njia kwa makini yaliyostahili.

Mmea ule wa Hilversum, uitwao sasa Oenothera glazioviana, ndio unaochanganywa zaidi na biennis. Petali zake ni kubwa, sentimita 3.5 hadi 5, ambapo za biennis hazizidi sana 2.5, sepali zake zina wekundu, na vinyweleo vya shina vimeota juu ya vivimbe vyekundu. Dalili iliyo aula ni kimo cha stigma: katika glazioviana msalaba huinuka juu ya stameni zote, na katika biennis umezungukwa nazo, kwa kuwa ile hungoja nondo na hii haimhitaji. Na ikiwa mtu ameshuku kwamba aliyonayo ni Oenothera parviflora, asitazame ua, atazame tumba: ncha nne ndogo za sepali, ambazo katika biennis hutokea kileleni hasa, katika parviflora hutokea chini kidogo ya kilele.

Baridi inapoingia na maua yote kwisha, shina kavu la biennis hubaki limesimama, limejaa vitumba vya mbegu vya sentimita 2 hadi 4 vilivyopasuka pande nne, na ndege wadogo hulirejea mpaka theluji. Tunda ni shahidi asiyependwa na wachora picha, nami naona wamelidhulumu, kwani Oenothera macrocarpa, ya mawe ya chokaa ya Missouri na mbuga za kusini-magharibi yake, hujulikana kwa tunda upesi zaidi kuliko kwa ua: mmea ni mfupi wenye mashina yaliyolala, ua la manjano laweza kufikia upana wa sentimita 10, lakini ni tunda lake lenye mbawa nne pana, lisilo na mfano wake jirani, ndilo linalokata shauri.

Upande wa magharibi ardhi yenyewe hupanda cheo katika ushahidi. Miteremko ya udongo wa mfinyanzi na changarawe, iliyo kavu na tupu, ni ya cespitosa. Katika mchanga wa nchi za ndani huota Oenothera pallida, yenye mashina meupe yanayobabuka ngozi, na karibu nayo coronopifolia, yenye majani yaliyochanwa vipande vyembamba. Zikikaribiana mno kwa umbo, mtu achungulie mdomo wa mrija, maana wa coronopifolia umejaa vinyweleo vyeupe na wa pallida ni mtupu. Na katika vilima vya mchanga vya majangwa ya Mojave na Sonora, baada ya mvua njema, hutanda Oenothera deltoides, nyeupe, kubwa, ambayo ikifa mashina yake ya pembeni hujipinda juu na kukutana, yakabaki mchangani kwa umbo la tundu la ndege, na ndiyo sababu wenyeji wameiita kwa jina hilo. Mtu akipita huko wakati wa kiangazi, pasipo ua hata moja, atayajua makazi yake kwa matundu hayo.

Katika hiyo deltoides kuna tawi moja, howellii, ambalo nasaba yake haitenganishwi na mahali pake. Asili yake ni vilima vya mchanga vya Antioch, kwenye ukingo wa kusini wa mto San Joaquin huko California, vilivyokatwa na jangwa kwa masafa marefu na kuuacha mmea huu peke yake na mchanga wake. Mchanga huo ulichimbwa kwa miaka mingi kwa ajili ya matofali, mpaka vilima vyenyewe vikabaki kidogo; mwaka 1978 serikali ya Marekani iliuandika mmea huu katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 1980 eneo hilo likafanywa hifadhi. Mwaka ule ule wa 1978 iliandikwa pia Oenothera californica tawi la eurekensis, ya vilima vya Eureka, vinavyopita mita 200 kwa kimo, ambako magari ya mchezo yalikuwa yakiisaga mimea. Magari yakazuiwa, bonde lenye vilima hivyo likaingizwa katika hifadhi ya taifa ya Death Valley mwaka 1994, na mwaka 2018 ua hilo likafutwa katika orodha kwa kuwa limesalimika. La Antioch bado limo. Huko mchanga uliokwenda kwa matofali haukurudi, na watunzaji wa hifadhi katika miaka ya karibuni wamekuwa wakipokea mchanga unaochimbwa kutoka katika mto uo huo na kuumwaga juu ya ardhi iliyokuwa imeshikwa na nyasi za kigeni, ili mbegu zipate tena mahali palipo wazi, palegevu na penye jua.